Ubudha na waandishi wa Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukiisoma fasihi ya Marekani kuanzia katikati ya karne ya 19, mapema au baadaye utakutana na Buddha. Yumo kwa Thoreau, yumo kwa Eliot, yumo kwa Kerouac, na yumo katika riwaya zilizoshinda tuzo miaka ya karibuni. Haya ndiyo maswali yanayorudi zaidi kutoka kwa wanafunzi, walimu wa fasihi na wasomaji wa kawaida. Mengine yamejibiwa kwa urefu kwa sababu jambo lenyewe lina mengi. Mengine maneno machache yanayatosha.

Waandishi hawa walivutwa na nini hasa?

Kila mmoja alichota chake. Ila ukiwasoma kwa pamoja, kinachojirudia ni namna ya kuangalia. Buddha alifundisha kwamba kila kitu hupita, kwamba tunateseka kwa kung'ang'ania kisichodumu, na kwamba hiyo "mimi" tunayoilinda usiku na mchana si kitu kilichosimama peke yake. Mwandishi aliyelelewa katika makanisa ya Kiprotestanti ya New England, au katika jiji lililojaa kelele za biashara, alipokutana na mafundisho hayo alipata ruhusa ya kufanya jambo ambalo fasihi yake haikulizoea: kukiangalia kitu mpaka mwisho bila kuharakisha kukigeuza kuwa funzo. Jiwe likabaki jiwe. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililozaa kazi bora, kuliko msamiati wa dini wenyewe. Zipo diwani zilizojaa neno nirvana, yaani kuzimika kwa tamaa na mateso, ambazo hazina Ubudha wowote ndani, na yapo mashairi ya watu wanaopanga mawe njiani ambayo umeyajaa tele.

Ubudha uliwafikiaje kwa mara ya kwanza?

Uliwafikia kwa maandishi, kabla ya kuwafikia kwa watu. Januari 1844 jarida la The Dial, lililokuwa sauti ya mwanafalsafa Ralph Waldo Emerson na wenzake wa Concord na Boston, Massachusetts, lilichapa dondoo ya Sutra ya Lotasi, andiko mashuhuri la Kibudha, iliyotafsiriwa kutoka Kifaransa cha msomi Eugène Burnouf. Kwa miaka mingi vitabu vilisema tafsiri hiyo ni ya Henry David Thoreau. Leo watafiti wanaihesabu kuwa kazi ya Elizabeth Palmer Peabody, mwalimu na mwenye duka la vitabu Boston. Ni jambo la kusikitisha kwamba mwanamke aliyefungua mlango huo alikaa nje ya historia yake muda wote huo.

Ujuzi wa wakati ule ulikuwa mdogo mno. Mwaka 1845 Emerson alieleza katika barua kwamba Bhagavad Gita imefika Concord, akaiita kitabu mashuhuri cha Ubudha. Gita ni kitabu cha Wahindu.

Wakati huohuo, au miaka michache tu baadaye, Wachina waliokwenda California kufuata dhahabu walikuwa wakijenga mahekalu yao San Francisco. Watu wa Concord hawakukutana nao. Vitabu vilishika njia moja, waumini wakashika nyingine, na pengo hilo utaliona tena katika majibu mengi hapa chini.

Thoreau alikuwa Mbudha?

Hapana. Maandiko ya Mashariki aliyoyasoma zaidi yalikuwa ya Kihindu. Hata hivyo, mwaka 1849, katika kitabu chake cha safari ya mtoni, alimweka Buddha wake kando ya Kristo wa wengine, jambo lililowakera wakosoaji wa kidini. Na katika Walden (1854) anasimulia jinsi alivyoketi mlangoni kwake tangu jua linachomoza hadi adhuhuri, hafanyi lolote, akasema hapo ndipo alipoelewa watu wa Mashariki wana maana gani wanapozungumzia tafakuri. Kizazi kilichomfuata baada ya miaka mia moja kilimsoma kama mtangulizi wake.

Kwa nini mwaka 1893 hutajwa sana?

Kwa sababu mwaka huo Chicago kulifanyika Bunge la Dini za Dunia, na Wabudha wakazungumza wenyewe mbele ya umati wa Wamarekani badala ya kuzungumziwa. Walikuwepo Anagarika Dharmapala kutoka Sri Lanka na Soyen Shaku, mkuu wa hekalu la Zen, tawi la Ubudha linalotilia mkazo tafakuri, nchini Japani. Mhariri mmoja, Paul Carus wa La Salle, Illinois, aliguswa sana. Mwaka uliofuata akatoa kitabu cha mafundisho ya Buddha kilichosomwa na wengi. Alipohitaji msaidizi wa kutafsiri, Soyen Shaku alimtumia mwanafunzi wake. Kijana huyo alifika 1897 na kukaa zaidi ya miaka 10. Jina lake D. T. Suzuki.

Naona jina Suzuki kila mahali. Ni mtu mmoja?

Ni wawili, na wengi huwachanganya. D. T. Suzuki ni msomi huyo wa La Salle, aliyerudi Marekani uzeeni na kufundisha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, miaka ya 1950. Mtunzi wa muziki John Cage alihudhuria madarasa yake na akabadili kabisa fikra zake kuhusu ukimya. Shunryu Suzuki ni kasisi wa Zen aliyefika San Francisco mwaka 1959 kuhudumia Wajapani wa huko, akakuta vijana Wazungu wanagonga mlango wakitaka kufundishwa kukaa katika tafakuri. Kitabu cha mazungumzo yake, Zen Mind, Beginner's Mind, kilitoka 1970. Wa kwanza aliwapa waandishi mawazo. Wa pili aliwapa mto wa kukalia.

The Waste Land ya T. S. Eliot ina Ubudha kweli, au ni walimu tu wanaotafuta?

Umo, na Eliot mwenyewe ameuonyesha. Alisoma Kisanskriti na Kipali Harvard kuanzia 1911. Sehemu ya tatu ya shairi hilo la 1922 imepewa jina la hotuba ya Buddha kuhusu moto: macho yanawaka, masikio yanawaka, akili inawaka kwa tamaa, chuki na upofu. Katika maelezo aliyoyaambatisha mwishoni, Eliot anasema hotuba hiyo ina uzito unaolingana na Mahubiri ya Mlimani. Soma sehemu hiyo ukiwa na hilo kichwani, kisha umtazame yule karani wa kike anayerudi chumbani kwake jioni, anafungua chakula cha kopo, anapokea mgeni asiyempenda wala kumchukia, na mgeni akishaondoka anaweka santuri kwenye gramafoni. Hakuna anayefurahi katika tukio lile, na tamaa inaendelea kuwaka hivyohivyo. Mwaka 1927 Eliot alibatizwa katika Kanisa la Anglikana, lakini shairi lilikuwa limeshaandikwa.

Kizazi cha Beat kinaingiaje?

Hicho ni kikundi cha waandishi wa miaka ya 1950 walioasi desturi za jamii yao, na kinaingia usiku wa tarehe 7 Oktoba 1955, kwenye ukumbi mdogo wa sanaa San Francisco ulioitwa Six Gallery. Washairi watano walisoma. Allen Ginsberg alisoma Howl, shairi ambalo baadaye lilifikishwa mahakamani kwa tuhuma za uchafu na kushinda. Gary Snyder na Philip Whalen nao walisoma, na wote wawili walikuwa tayari wanaisoma Zen kwa dhati. Jack Kerouac hakusoma. Alichangisha pesa za mvinyo na kuwashangilia wasomaji kwa kelele.

Kerouac alikuwa ameshaanza safari yake mwaka 1954, alipokutana katika maktaba ya San Jose na A Buddhist Bible, mkusanyiko wa maandiko ulioandaliwa na Dwight Goddard, mtu aliyewahi kuwa mmisionari China. Hapo tena kitabu kilitangulia. Hakuwa na mwalimu, hakuwa na hekalu, alikuwa na kitabu kizito na daftari. Riwaya yake The Dharma Bums (1958) inasimulia urafiki na Snyder, aliyepewa humo jina la Japhy Ryder, na kupanda kwao milima ya Sierra Nevada. Vijana wengi walibeba mkoba na kuondoka nyumbani kwa sababu ya kitabu hicho.

Kerouac alikuwa Mbudha wa kweli au alikuwa anacheza?

Hakuwa anacheza. Aliandika maisha ya Buddha, akajaza madaftari yaliyokuja kuchapwa 1997 kwa jina Some of the Dharma, na kiangazi cha 1956 alikaa peke yake siku 63 kileleni Desolation Peak, jimbo la Washington, akiwa mlinzi wa moto wa msituni. Kilichomvuta kilikuwa mateso: alimpoteza kaka yake Gerard wakiwa watoto, na fundisho la kwanza la Buddha lilimgusa pale palipouma. Oktoba 1958 yeye, Ginsberg na Peter Orlovsky walimtembelea D. T. Suzuki New York. Mzee akawatengenezea chai ya kijani nzito.

Lakini alikuwa mtoto wa Kikatoliki na alirudi huko, na pombe ilimmaliza mwaka 1969 akiwa na miaka 47. Mtu aliyesoma peke yake bila wa kumshika mkono alifika alipofika. Sioni haki kumlaumu kwa hilo. Mexico City Blues, diwani yake ya 1959 yenye beti 242 alizoziandika kwa mdundo wa jazi, inathibitisha kwamba alikuwa amesikia kitu.

Na Gary Snyder je?

Snyder ndiye aliyefunga safari. Alisoma Kichina na Kijapani Berkeley, akatafsiri mashairi ya Han Shan, mkaa-pweke wa milimani wa China ya kale, na mwaka 1956 akapanda meli kwenda Kyoto. Kwa sehemu kubwa ya miaka 12 iliyofuata aliishi Japani, akifundishwa na Oda Sesso katika hekalu la Daitoku-ji: kuamka alfajiri, kufagia, kukaa, kujibu fumbo la mwalimu na kurudishwa ukalifikirie tena.

Kabla ya kuondoka, kiangazi cha 1955, alifanya kazi ya kibarua katika hifadhi ya Yosemite. Kazi ilikuwa kutandaza mawe kwenye miteremko ya mwamba unaoteleza ili nyumbu na farasi wapite. Unachagua jiwe, unaligeuza mpaka upate uso unaokaa, unalibana kati ya mengine, unalikanyaga kuona kama linacheza, kisha unatafuta lingine. Diwani yake ya kwanza, Riprap (1959), imepewa jina la kazi hiyo, na ndani yake maneno yamewekwa vivyo hivyo: mafupi, mazito, kila moja limebanwa mahali pake. Hatamki dini. Ndiyo maana ninamwona kuwa mwanafunzi bora wa kizazi chake. Turtle Island ilimpatia tuzo ya Pulitzer mwaka 1975, na Mountains and Rivers Without End, shairi alilolianza 1956, alilimaliza 1996.

Ni kweli kwamba Richard Wright aliandika haiku?

Ni kweli, na wasomaji wengi wa Afrika wanaomjua kwa Native Son na Black Boy hushtuka kusikia hivyo. Wright, mwandishi Mweusi wa Marekani, aliandika haiku, yaani mashairi mafupi ya Kijapani, zipatazo 4,000 katika miezi 18 hivi ya mwisho wa maisha yake, akiwa uhamishoni Ufaransa.

Ilikuwaje? Mwaka 1959 alikuwa mgonjwa, amechoka kwa kuhara damu kwa amiba kulikomlaza mwaka mzima, mama yake amefariki mwezi Januari, na marafiki wamepungua. Kijana mmoja kutoka Afrika Kusini alimweleza habari za haiku na kumwazima juzuu nne za R. H. Blyth, Mwingereza aliyeishi Japani na kuufafanua ushairi huo kwa macho ya Zen. Wasomi wanamtaja kijana huyo kuwa Sinclair Beiles, mshairi aliyezaliwa Kampala. Wright akaanza kuandika na hakuacha. Binti yake Julia anasimulia kwamba baba yake alitembea na jalada la haiku kwapani, akaziandika kitandani na mikahawani, akihesabu silabi kwenye vitambaa vya karatasi vya mezani.

Msomaji aliyekulia kwenye tarbia apime mwenyewe: haiku nzima ina mizani 17, yaani inazidi mshororo mmoja wetu wa mizani 16 kwa silabi moja tu, na haina kina cha kati wala cha mwisho. Ndani ya nafasi hiyo Wright aliingiza theluji, kunguru, vichochoro, jasho la wavuna pamba na mvua ya Mississippi. Haiku inayofungua mkusanyiko wake ni ya mtu anayesema kwamba yeye si yeyote, na kwamba jua jekundu la majira ya majani kupukutika, likizama, limeondoka na jina lake.

Mtu huyu alikuwa amepigania maisha yake yote aitwe kwa jina lake. Alizaliwa katika nchi iliyomwita kijana hata angekuwa mzee. Sasa jua linalichukua jina hilo na yeye halii, halalamiki, analitazama likienda. Kuna wanaosoma hapo kukata tamaa. Mimi nasoma uhuru, maana ni yeye aliyeliachia, hakunyang'anywa na mtu. Wright hakujiita Mbudha. Alichagua haiku 817 kati ya zote, lakini alikufa Paris Novemba 1960 kabla hazijachapwa, na zikasubiri hadi 1998. Kwangu hakuna mahali katika historia hii yote ambapo Ubudha uliingia kwa kina zaidi katika maandishi ya Mmarekani, na uliingia kupitia kitabu cha kuazima.

Wamarekani wenye asili ya Japani walikuwa wapi katika hadithi hii?

Walikuwepo muda wote, na swali hili liulizwe mara nyingi zaidi. Baada ya shambulio la Pearl Harbor, Desemba 1941, makasisi wa Kibudha walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kukamatwa na polisi wa shirikisho. Februari 1942 Rais Roosevelt alitia saini amri iliyosababisha watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani kufungiwa kambini, wengi wao wakiwa raia kwa kuzaliwa. Katika kambi hizo waliandika haiku. Vyama vya haiku vilivyokuwepo California kabla ya vita viliendelea kukutana nyuma ya seng'enge, na sehemu ya kazi zao ilikusanywa na kutafsiriwa na Violet Kazue de Cristoforo, aliyewahi kufungwa mwenyewe, katika kitabu May Sky cha 1997. Yaani miaka kumi na kitu kabla Kerouac hajaitwa mwanzilishi wa haiku ya Kimarekani, watu walikuwa wanaiandika jangwani Marekani chini ya mnara wa askari.

Nyogen Senzaki, kasisi aliyefungiwa kambi ya Heart Mountain, Wyoming, aliongoza tafakuri humohumo kambini. Baadaye yeye na Paul Reps walitoa Zen Flesh, Zen Bones (1957), mkusanyiko wa visa vya Zen ambao karibu kila mwandishi wa miaka ya 1960 aliupitia.

Na kule Berkeley, Snyder kabla ya kwenda Japani alihudhuria darasa la Ijumaa katika hekalu la familia ya Imamura, ambao walimkaribisha kama mwana. Mwaka 1991 mhariri wa Tricycle, jarida jipya la Kibudha, aliandika kwamba Wamarekani wenye asili ya Asia hawajaonekana sana katika kuujenga Ubudha wa Kimarekani. Ryo Imamura, mtoto wa nyumba ile ile ya Berkeley, alimjibu kwa barua: ni babu na bibi zetu walioupanda hapa, ni wazazi wetu walioulinda hata kambini, na ni sisi tuliowafungulia nyinyi milango ya mahekalu. Sijaona jibu la kuishinda barua hiyo. Orodha ya vitabu inayoanzia kwa Thoreau na kuruka moja kwa moja hadi kwa Kerouac imeacha nje wenye nyumba.

Ginsberg alianzisha chuo cha Kibudha?

Chuo kilianzishwa na Chögyam Trungpa, lama (mwalimu wa Kibudha) wa Kitibeti aliyekimbia nchi yake 1959, huko Boulder, Colorado, mwaka 1974. Kinaitwa Naropa. Ginsberg na mshairi Anne Waldman walianzisha ndani yake shule ya ushairi yenye jina la Jack Kerouac. Trungpa na Ginsberg walikutana New York mwaka 1970 wakigombea teksi moja, na Ginsberg akawa mwanafunzi wake. Fundisho lililotoka hapo ni kwamba wazo la kwanza ndilo bora, andika lilivyokuja. Katika mikono ya Ginsberg, aliyekuwa amenoa sikio kwa miaka 30, lilifaa. Katika mikono ya wengi waliomfuata limezaa mashairi mengi ambayo yangenufaika na kufutwafutwa.

Nimesikia kulikuwa na kashfa. Ni kweli?

Ni kweli, na halifichwi. Trungpa alikunywa pombe kupita kiasi, akalala na wanafunzi, akafa 1987 akiwa bado hajafika miaka 50. Mwaka 1975, katika sherehe kwenye mafunzo ya wafuasi wake Colorado, aliwaamuru walinzi wamlete kwa nguvu mshairi W. S. Merwin na mwenzake Dana Naone, waliokuwa wamejifungia chumbani, na wote wawili wakavuliwa nguo mbele ya watu. Waandishi waligawanyika. Ginsberg alijikuta akimtetea mwalimu wake kwa maneno yaliyowaudhi marafiki zake wa zamani, na haki ilikuwa upande wa Merwin.

Merwin hakuuacha Ubudha. Mwaka uliofuata alihamia Hawaii kusoma Zen na Robert Aitken, akanunua ardhi iliyochakazwa na kilimo karibu na kijiji kiitwacho Haʻikū, jina la Kihawaii lisilohusiana na ushairi wa Kijapani, akawa anapanda minazi na michikichi ya kila aina mpaka ikawa msitu. Alipata Pulitzer ya pili mwaka 2009 na kufariki 2019. Mashairi yake mengi hayana alama za vituo. Sentensi moja inaingia katika nyingine kama pumzi.

Zen and the Art of Motorcycle Maintenance ni kitabu cha Zen?

Kidogo sana. Robert Pirsig mwenyewe anaonya mwanzoni kwamba kisichukuliwe kuwa maelezo ya Zen. Ni kitabu kizuri cha falsafa, baba na mtoto na pikipiki, kilichokataliwa na wachapishaji 121 kabla ya kutoka 1974.

Kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo, kupitia Peter Matthiessen. Mwaka 1969 alikutana Serengeti na mtaalamu wa wanyama George Schaller, aliyekuwa huko akichunguza simba. Matthiessen aliandika kuhusu Kenya na Tanzania katika The Tree Where Man Was Born (1972), na baadaye kuhusu pori la Selous katika Sand Rivers (1981). Urafiki wa Serengeti ndio uliozaa safari ya 1973, alipofuatana na Schaller kwa miguu hadi Dolpo, Nepal.

Mke wake Deborah Love, aliyemwongoza kwenye Zen, alikuwa amefariki kwa saratani mwaka mmoja kabla. Matthiessen alimwacha nyumbani mtoto wa miaka minane. Schaller alikwenda kuchunguza kondoo wa buluu; Matthiessen alitumaini kumwona chui wa theluji. Waliona nyayo zake, kinyesi chake, mikwaruzo njiani. Chui mwenyewe Matthiessen hakumwona, na The Snow Leopard (1978) ni kitabu cha mtu anayejifunza kukubali kwamba hakumwona. Baadhi ya siku anafaulu. Siku nyingine anawakasirikia wapagazi, anamkumbuka mkewe, anajuta kumwacha mtoto. Ukweli huo wa kupanda na kushuka ndio unaokifanya kiaminike. Baadaye alitawazwa kuwa kasisi wa Zen.

Waandishi Weusi zaidi ya Wright ni akina nani?

Anza na Charles Johnson. Riwaya yake Middle Passage ilishinda National Book Award mwaka 1990. Ni simulizi ya Rutherford Calhoun, mtumwa aliyeachwa huru, ambaye mwaka 1830 anatoroka ndoa New Orleans kwa kujificha ndani ya meli, bila kujua inakwenda Afrika Magharibi kuchukua watumwa. Watu wanaochukuliwa ni Waallmuseri, kabila alilolibuni Johnson, ambao kwao hakuna balaa kubwa kuliko mtu kujiona ametengana na wenzake. Nahodha naye anaamini kwamba akili ya binadamu imeumbwa kwa kugawanya, mimi huku na wewe kule, na kwamba utumwa ni tunda tu la mgawanyiko huo. Hapo Johnson analichukua fundisho la Kibudha kuhusu nafsi na kulishusha mpaka tumbo la meli, mahali ambapo mtu amefanywa mali ya mwingine. Hakuna riwaya nyingine ya Kimarekani ninayoijua iliyothubutu hivyo na ikaweza. Oxherding Tale (1982), iliyotangulia, imejengwa juu ya picha kumi za kale za Kichina za mchungaji anayemtafuta ng'ombe wake.

bell hooks, aliyefariki 2021, alijitaja kuwa Mkristo na Mbudha kwa pamoja na alimheshimu sana Thich Nhat Hanh, mtawa wa Vietnam ambaye Martin Luther King alimpendekeza kwa tuzo ya amani ya Nobel mwaka 1967. Alice Walker naye ameandika kuhusu tafakuri na ubaguzi wa rangi.

Leo hali ikoje?

Ubudha umekuwa jambo la kawaida, hautangazwi tena. George Saunders, anayefuata mapokeo ya Kitibeti, alishinda tuzo ya Booker mwaka 2017 kwa Lincoln in the Bardo. Tukio linatokea makaburini Washington mwaka 1862, Rais Lincoln anapomlilia mwanawe Willie usiku, na wasemaji karibu wote ni marehemu walionasa kati ya kifo na kinachofuata kwa sababu hawataki kukiri wamekufa. Msomaji wa pwani ataikumbuka barzakhi, ingawa ya Kitibeti, yaani bardo, inaelekea kuzaliwa upya. Ruth Ozeki ni kasisi wa Zen tangu 2010. A Tale for the Time Being (2013) inamsimulia msichana wa Tokyo na mama wa bibi yake, mwenye umri wa miaka 104, mtawa wa Kibudha, ambaye huomba ruhusa na kushukuru hata anapoingia chooni.

Nianze kusoma wapi?

Kama unapenda ushairi, anza na haiku za Wright, nne au tano kwa siku, si zaidi. Kama unapenda riwaya, Middle Passage, kisha Saunders. The Dharma Bums isome ukiwa na May Sky pembeni. Anayetaka safari achukue The Snow Leopard. Na kama huna pesa ya kununua vitabu sasa hivi, Walden na The Waste Land zinasomeka bure kwenye intaneti kihalali. Katika Walden, nenda moja kwa moja kwenye sura inayohusu sauti.